Mizizi mitatu iliyobaki kwenye taya

Mbwa wa mjomba anaitwa Hayawahusu. Analinda shamba la mikorosho na mihogo nje kidogo ya mji wa Masasi, na tangu akomae nguruwe pori wamehamia mashamba ya mbali. Mwaka jana, mikorosho ikiwa ndiyo kwanza inatoa maua, alitokwa na uvimbe chini ya jicho la kulia, mkubwa kama korosho iliyo ndani ya ganda lake. Ulipasuka wenyewe, ukatoa usaha, ukakauka. Baada ya wiki tatu ukarudi pale pale. Mjomba alidhani ni mwiba. Jirani alisema ni mate ya swila. Bwana mifugo wa kata alikuja na pikipiki yake, akampiga sindano ya oksitetrasaikilini, dawa ya kuua vijidudu, na kwa mwezi mzima tukapumua. Kisha uvimbe ukarudi.

"Mpwa wangu," mjomba aliniambia kwenye simu, "wewe unazunguka na hawa madaktari wa mifugo. Hebu waulize, ni kidonda gani hiki kinachopona juu na kuchimba chini?"

Nilimuuliza daktari mmoja wa wanyama ninayemheshimu sana. Alijibu kabla sijamaliza kueleza: ni jino.

Mbwa mzima ana meno 42. Juu, kila upande wa taya, kuna gego moja kubwa lenye ncha kali ambalo kwa hesabu ya wataalamu ni la nne katika magego madogo. La kulia hupewa namba 108, la kushoto 208. Linapokutana na gego kubwa la chini hukata kama mkasi, na ngozi, kano na mifupa yote hukatiwa hapo. Jino hili lina mizizi mitatu, nayo imepanda hadi karibu na chini ya jicho. Mbwa akitafuna mfupa mgumu mno au jiwe, bapa la upande wa nje humeguka kama kigae cha chungu. Kiini cha jino kinabaki wazi, vijidudu vinaingia, vinapanda hadi kwenye ncha ya mzizi na kutengeneza jipu ndani ya mfupa. Usaha nao hutafuta pa kutokea, na ngozi ya chini ya jicho ndiyo iliyo karibu. Sindano hutuliza nyama iliyo pembeni, lakini ndani ya jino lililokufa damu haipiti tena, kwa hiyo dawa haifiki. Unaweza kumpiga mbwa huyo sindano msimu hadi msimu, na kila mara utarudi kumwona akiwa na tundu lile lile shavuni.

Daktari alikuja Jumamosi moja asubuhi. Alimlaza Hayawahusu kwa ketamini na zailazini, akainua mdomo, na hata mimi nisiye mtaalamu nililiona: jino limemeguka upande, katikati lina doa jeusi. Akalishika kwa koleo, akalitikisa, akavuta. Tulisikia mlio mdogo kama wa kijiti kikavu. Kichwa cha jino kikatoka ndani ya koleo na mizizi yote mitatu ikabaki ndani ya taya. Alichokonoa kwa dakika kadhaa, damu ikawa inajaa kila anapofuta, usingizi wa mbwa ukaanza kupungua, akaacha. Mjomba alikiokota kile kipande, akakifuta kwa kidole gumba, akakitia kwenye kibiriti kilichoisha njiti.

Daktari alinawa mikono kimya. Halafu akaniambia: "Hili nimelisoma. Nimeliona kwenye slaidi, nimelitazama kwenye simu mara nyingi. Mkono wangu ndio haujawahi kulifanya."

Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya niandike, kwa sababu ninaamini tatizo lote limo humo. Madaktari wa wanyama wa Lindi na Mtwara hawana upungufu wa akili wala wa kusoma. Wanachokosa ni taya la kujifunzia. Mafunzo ya meno ya mbwa wanayoyahitaji ni ya kushika kwa mkono, yafanyike huku huku Kusini, na mlango wa kuyaingilia uwe chanjo ya kichaa cha mbwa. Nitaeleza kwa nini nayafunga mambo haya pamoja, maana watu wengi huyaona hayahusiani.

Tuanze na mkono. Jino la mizizi mitatu halivutwi. Linakatwa vipande kwanza, kila kipande kibaki na mzizi wake, ndipo mzizi mmoja mmoja utolewe kama jino la mzizi mmoja. Kabla ya hapo ufizi unachanjwa na kuinuliwa kama pazia, na mfupa kidogo wa upande wa shavu unapunguzwa ili mizizi ionekane. Kinachoshikilia jino ndani ya tundu lake ni nyuzi nyembamba mno zilizojaa kati ya mzizi na mfupa. Nguvu hazizishindi, kinachozishinda ni subira. Unaingiza eleveta, kile chuma chembamba chenye ncha ya kijiko, katikati ya vipande viwili, unakizungusha kidogo tu, halafu unatulia. Sekunde 10, wakati mwingine 20 au 30, mkono haujongei, mpaka nyuzi zichoke na damu kidogo ianze kupanda pembeni. Ukikosa subira hapo, ncha ya mzizi inakatika. Na kidole cha shahada lazima kitangulie karibu kabisa na ncha ya chuma, kwa sababu eleveta ikiteleza kwenye magego ya juu njia yake inaelekea kwenye jicho. Wapo mbwa walioingia kung'olewa jino wakatoka na jicho limetoboka.

Utafundishaje sekunde 30 za kutulia kwa projekta? Utamwonyeshaje mtu ule ulegevu mdogo unaosikika kwenye vidole pale nyuzi zinapoachia?

Pale Mtwara, wachongaji wa Kimakonde hawamkabidhi kijana gogo la mpingo siku ya kwanza. Huanzia kwenye vipande vya mti mlaini, anapewa patasi, anaharibu, anaharibu tena, fundi yuko pembeni anapanga upya vidole vyake juu ya mpini. Mpingo una thamani na haurudishwi ukishakatwa vibaya. Mbwa wa mjomba naye ni vivyo hivyo. Ilivyo sasa, daktari wetu anaanzia kwenye mpingo, na makosa yake ya kwanza yanaangukia kwa mnyama aliye hai.

Ganzi pia ni kazi ya vidole. Mbwa aliyelala usingizi wa dawa bado mishipa yake inapeleka maumivu, na akiamka yanamsubiri. Kuna tundu kwenye mfupa wa shavu, juu ya gego dogo la tatu, ambamo mshipa wa fahamu wa pua na mdomo wa juu hutokea. Ukipitisha kidole juu ya ufizi unauhisi kama uzi mnene unaoteleza. Tone dogo la lignokeini pale linatuliza sehemu kubwa ya mbele ya taya la juu. Ukiwekewa kidole chako pale na mtu anayejua, mara moja inatosha, hutausahau. Ukisoma tu, utachoma mara kumi na hutajua kama umepata.

Najua pingamizi, nimelisikia hata msikitini baada ya sala ya Ijumaa nilipoligusia suala hili kwa wazee. Kuna watoto wetu wenye meno mabovu na daktari wa meno yuko mbali, wewe unahangaika na mbwa? Na mbwa mwenyewe mate yake najisi? Nalichukua pingamizi hili kwa uzito. Jirani zangu wengi wa pwani, kuanzia Kilwa hadi Mikindani, ni watu wa madhehebu ya Shafii, na bakuli aliloramba mbwa kwao linaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Lakini sheria hiyo hiyo inamruhusu mtu kufuga mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba, na kila aliyekaa darsani anaijua hadithi ya yule aliyeteka maji kwa kiatu chake akamnywesha mbwa aliyekuwa akiramba udongo kwa kiu, akasamehewa. Mbwa wetu wengi huku ndio hao walioruhusiwa. Wanalala kwenye mihogo usiku wakati sisi tumelala ndani. Mbwa mwenye jipu kwenye taya hali vizuri, habweki vizuri, na nguruwe wanajua. Mjomba alipoteza karibu robo ya mihogo yake msimu ule, na hakuna aliyehesabu hasara hiyo kuwa ni ya jino.

Na kuhusu mtoto, hakuna daktari wa mifugo atakayemwacha mtoto wa mtu ili atibu mbwa. Hiyo ni kazi ya watu wengine, yenye bajeti yake, na tuidai kwa sauti kubwa huko huko inakodaiwa.

Mjini mambo yana sura nyingine. Bandari, maghala ya korosho, viwanda na nyumba za watu wenye uwezo zina mbwa wa ulinzi, na hawa tatizo lao kubwa ni fizi. Ukoga ule laini hujitengeneza juu ya jino ndani ya siku moja tu, usipoondolewa hugeuka ugaga mgumu ndani ya siku chache, na ufizi huanza kurudi nyuma. Ugonjwa wa fizi ndio ulioenea kuliko mwingine wowote kwa mbwa wazima duniani kote. Ninachotaka kukitaja hapa ni ile huduma inayouzwa ya kumkwangua mbwa ugaga akiwa macho, ameshikwa na watu wawili. Jino linang'aa, mwenye mbwa anafurahi, ugonjwa uko chini ya ufizi ambako hakuna aliyefika. Shirikisho la dunia la madaktari wa wanyama wadogo, WSAVA, katika mwongozo wake wa meno limekataa waziwazi utaratibu huo. Uchunguzi wa kweli unataka mbwa alale, kipimo chembamba kipitishwe kuzunguka kila jino, na panapozidi milimita 3 pawekwe alama. Unataka pia mpira wa kupumulia kooni ili maji na damu visiingie mapafuni, na shashi inayowekwa nyuma ya ulimi ihesabiwe wakati wa kuingia na wakati wa kutoka.

Sasa nije kwenye kichaa cha mbwa. Niliahidi, na hapa ndipo nina wasiwasi zaidi.

Mdomo wa mbwa ni mahali pa hatari kuliko pote katika kazi hii, na hatari kubwa haiko kwenye meno. Karibu vifo vyote vya binadamu kwa kichaa cha mbwa hutokana na mbwa. Si kila mbwa mwenye ugonjwa huo anakimbia ovyo na kung'ata. Wengine hupooza: taya linaning'inia, mate yanachuruzika, hawawezi kumeza, sauti inabadilika. Mwenye mbwa akiona hivyo, jambo la kwanza analosema ni "amekwamwa na mfupa." Anamleta kwa daktari. Na daktari mwenye ari, aliyetoka juzi kwenye mafunzo ya meno, atafanya nini? Ataingiza mkono.

Kwa hiyo mafunzo yoyote ya meno yatakayokuja Kusini yakianza na koleo yatakuwa yameanza vibaya. Yaanze na kinga ya daktari mwenyewe. Kwa mtu ambaye hajang'atwa, Shirika la Afya Duniani, WHO, tangu 2018 linapendekeza dozi mbili tu, siku ya kwanza na siku ya saba baada yake. Asiyezipata asiguse taya, la mbwa mzima wala la mfu. Kisha wajifunze kulitambua lile taya linaloning'inia na kuuliza swali moja kabla ya mengine yote: mbwa huyu amechanjwa lini?

Mikoa yetu ina historia na jambo hili. Kuanzia 2010 hadi 2015 Lindi na Mtwara zilikuwa ndani ya mradi wa majaribio wa kutokomeza kichaa cha mbwa, pamoja na Morogoro, Pwani, Dar es Salaam na Pemba, ukiratibiwa na WHO kwa fedha za taasisi ya Bill na Melinda Gates. Wengi tunakumbuka zile asubuhi chini ya mwembe wa shule, watoto wameshika mbwa kwa kamba za katani, foleni inafika barabarani. Kinachotakiwa ili ugonjwa ukatike ni kuchanja mbwa 7 katika kila 10, na kurudia, kwa sababu mbwa wa kijijini hafiki mbali, anakufa na wengine wanazaliwa. Mradi ukiisha, kurudia ndiko kunakolegea.

Hapa ndipo meno yanaweza kusaidia chanjo. Tuseme mafunzo yanafanyika Masasi au Nachingwea, na siku ya mwisho kunafunguliwa kliniki ambapo mbwa wenye majipu wanatibiwa na wanafunzi chini ya macho ya mwalimu. Tangazo la kata liseme wazi: anayepokelewa ni mbwa mwenye cheti kinachoonyesha alichanjwa angalau mwezi mmoja kabla. Mwenye mbwa mgonjwa atakuwa na sababu ya kumpeleka kuchanjwa, sababu anayoiona kwa macho, shavuni.

Vichwa vya kujifunzia vitoke wapi? Nasikia wanaosema viko vingi, mbwa wanagongwa kila wiki barabara ya Mtwara kwenda Masasi, na halmashauri nazo huua mbwa wazururaji. Hapana. Kichwa cha mbwa usiyejua historia yake kinaweza kuwa na virusi kwenye ubongo na mate, na kukiweka kwenye friza kunavihifadhi. Ukikitia kwenye fomalini virusi vinakufa, lakini ufizi unakakamaa kama ngozi ya ngoma na hauinuki, kwa hiyo hujifunzi kitu. Vichwa vya mbwa vinavyofaa ni vya wale waliochanjwa, waliokufa kwa sababu inayojulikana, kwa idhini ya mwenye mbwa. Ni vichache, navyo viwe vya hatua ya mwisho.

Kabla ya hapo kuna taya la nguruwe, ambalo hata madaktari wa meno wa binadamu hulitumia kufanyia mazoezi. Masasi wachinjaji wapo na kichwa si ghali. Magego yake hayafanani sawasawa na ya mbwa, ila mizizi ni mingi, mfupa ni mfupa, na ufizi unashonwa vilevile. Wapo madaktari Waislamu watakaokuwa na uzito, na uzito huo uheshimiwe: glavu mbili, maji ya kutosha, na mbuzi awepo pembeni kwa anayetaka kuanzia huko, angalau kwa ganzi na kwa kushona ufizi. Nimeongea na wawili. Wote walisema kujifunza ili kuondoa mateso ni jambo wanaloweza kulibeba.

Kuhusu mahali, sina subira na mafunzo ya ukumbini. Daktari wa Liwale akiitwa Dar es Salaam hutumia muda mwingi njiani kwenda na kurudi, na katikati anakaa kwenye kiti cha plastiki akitazama ukuta. Posho inalipwa, cheti kinatolewa, saa zinahesabiwa, mkono unarudi nyumbani kama ulivyoondoka. Mtwara kuna kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA. Lindi kuna viwanja vya Ngongo, ambako kila Agosti Nanenane huwakusanya maofisa mifugo wa kanda nzima. Meza sita, taya kumi na mbili, mwalimu mmoja kwa wanafunzi wanne, siku mbili. Baraza la Veterinari, lililoundwa kwa sheria ya 2003, linaweza kabisa kudai kwamba saa za mafunzo ya upasuaji zihesabiwe kwa meno yaliyotolewa mazima na mizizi yake.

Bwana mifugo wa kata naye asisahauliwe. Upasuaji si kazi yake kisheria, lakini yeye ndiye anayefika kwanza kwa pikipiki. Akijua tu kwamba uvimbe wa chini ya jicho unaorudi ni jino hadi ithibitike vinginevyo, ataokoa sindano tatu na miezi mitatu ya maumivu.

Daktari wetu hakukubali kuishia pale. Februari mwaka huu mwenzake mmoja alikuja likizo Masasi akiwa na ujuzi alioupata kwa mikono, wakakaa siku mbili nyuma ya nyumba na vichwa sita vya nguruwe na maikromota ndogo, ile mashine ya kukatia jino, waliyoazima kwa fundi wa meno ya bandia. Kazi yangu ilikuwa kumwaga maji ya chumvi kwa bomba la sindano, tone kwa tone, ili chuma kisiunguze mfupa. Kichwa cha kwanza alivunja kila mzizi. Cha tatu alivunja mmoja. Cha sita alikaa kimya muda mrefu, mkono umetulia, nikaanza kudhani amesinzia, kisha mzizi ukainuka wenyewe.

Wiki iliyofuata, akiwa na mwenzake pembeni, alimlaza tena Hayawahusu, mbwa mwenye cheti cha chanjo kilichokunjwa ndani ya kadi ya chama cha msingi cha mjomba. Ilichukua saa moja na nusu. Mjomba alikuwa amekaa kwenye kigoda, hasemi. Mzizi wa kwanza ulilia kwenye bakuli la bati, wa pili ukafuata, wa tatu ukachelewa, ukaja na kifuko kidogo cha usaha kwenye ncha yake. Daktari alishona ufizi kwa uzi unaoyeyuka, akamwambia mjomba ampe uji na ugali laini kwa wiki mbili.

Mjomba aliingia ndani akatoka na kile kibiriti. Akakitoa kichwa cha jino, akaomba bakuli, akapanga mizizi mitatu chini yake juu ya kiganja, mmoja mmoja, akiizungusha mpaka ilipokaa sawa.

"Shikamoo tena, mzee," daktari alimwambia, akiwa bado na glavu.

"Marahaba, mwanangu," alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye kiganja. "Sasa limetimia."